Sikio Lisilo na Hatia

Neno kusikia limetwishwa mzigo mkubwa mno katika Kiswahili. Mtu husikia ngoma, husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu ya ubani na husikia maumivu ya jino. Kisha mtoto aliyekatazwa kuchezea moto akauchezea, watu husema hasikii. Na mgonjwa aikataaye dawa huambiwa ana sikio la kufa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wala hapana aulizaye kama neno la mkuu lilimfikia aliyevunjika. Hivyo ndivyo lugha ilivyofunga kamba moja baina ya sikio na utii, na atakayeshindwa kwa sikio huhesabiwa kuwa ameshindwa kwa tabia. Kamba hiyo huwanyonga watu wasio na hatia.

Watu hao wako Singida kama walivyoko duniani kote. Ni watu wazima wenye akili timamu, ambao masikio yao yakipimwa huonekana hayana kasoro. Walakini wakisemeshwa penye umati, au penye ngurumo ya mashine, au na msemaji mwenye haraka, huipata sauti wakayakosa maneno. Mmoja ni mkulima wa alizeti wa Ikungi aliyesimama mbele ya dirisha la dawa. Mwingine ni mama wa Kiomboi aliyeitwa shahidi katika mahakama ya mwanzo. Mwingine ni kijana ashindaye kando ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na jioni hafuati mazungumzo ya nduguze barazani. Wote hujitetea kwa maneno yale yale, kwamba wanasikia ila hawapati kilichosemwa, na wote hujibiwa jawabu lile lile, kwamba wajitahidi kusikiliza. Jawabu hilo ni la dhuluma. Apasaye kuulizwa kwanza si msikilizaji, bali ni msemaji, na mahali pa kusemea, na kipimo kilichotumika kumhukumu.

Kipimo chenyewe ni kizuri kwa kazi yake, na ubaya wake huanza kinapopewa kazi isiyo yake. Mtu huketishwa katika chumba kimya, huvikwa visikizio, akapelekewa milio safi mmoja mmoja, tangu mlio mzito wa hezi 250 hata mwembamba wa hezi 8,000, naye huonyesha ishara kila aupatapo. Ule mlio hafifu kabisa awezao kuutambua huandikwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake kubwa ya mwaka 2021 juu ya usikivu, lilisogeza mpaka wa usikivu mzuri kutoka desibeli 25 hata 20, na atakayekuwa ndani ya mpaka huo huambiwa kwamba masikio yake ni mazima. Naam, ni mazima kwa milio. Lakini nani azungumzaye kwa milio? Hapana soko la filimbi wala baraza la kengele. Usemi ni mkondo wa sauti nyingi zipandanazo na kupishana kwa sehemu ndogo za sekunde, na masikioni hauji peke yake, huja umechanganyika na upepo, watoto, injini na wasemaji wengine. Kumpima mtu kwa mlio mmoja katika kimya, kisha kumhakikishia kwamba hawezi kuwa na shida sokoni, ni sawa na kumpima dereva macho kwa taa moja gizani, kisha kumhakikishia kwamba ataiona barabara ya mlima Sekenke wakati vumbi la malori limetanda.

Si kwamba elimu ya jambo hili ni changa. Mwaka 1953 Colin Cherry, mtaalamu wa London, aliwapa watu ujumbe mbili kwa wakati mmoja, mmoja katika kila sikio, akawataka waurudie mmoja wao. Waliurudia bila taabu kubwa. Lakini ule wa sikio la pili ulipogeuzwa kuwa Kijerumani, wengi hawakutambua. Sikio lao lilikuwa limeupokea, ila wao hawakuwa na habari nao. Mwaka uliofuata madaktari wa Kiitalia Bocca, Calearo na Cassinari walieleza habari za wagonjwa wenye uvimbe katika ubongo, upande wa panja. Wagonjwa hao walisikia milio yote ya kipimo, lakini walipopewa usemi uliopotoshwa kidogo walishindwa kuufahamu kwa sikio lililo upande wa pili wa uvimbe. Haina maana kwamba kila asiyefahamu usemi ana uvimbe kichwani. Walio wengi hawana. Maana yake ni kwamba kusikia na kufahamu usemi ni kazi mbili, na ya kwanza yaweza kuwa nzima huku ya pili ina jeraha.

Jeraha lenyewe laweza kuwa mahali pengi. Ndani ya sikio, katika kiungo kilichoviringana mfano wa konokono, mna seli za vinyweleo zipatazo 15,000, na katika hizo ni 3,500 hivi zipelekazo sehemu kubwa ya habari kwa ubongo, kwa njia ya neva yenye nyuzi karibu 30,000. Seli moja huhudumiwa na nyuzi kadhaa. Ili kutambua mlio hafifu penye kimya, nyuzi chache hutosha, maana kinachotakiwa ni habari moja tu, kwamba pana kitu. Ili kuutenga usemi na kelele, jeshi zima huhitajiwa. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walitangaza waliyoyaona kwa panya waliowekwa penye kelele kubwa kwa muda wa saa mbili. Baada ya muda panya wale walirudiwa na usikivu wao wa milio, na mtu angalisema wamepona. Lakini viungio baina ya seli na nyuzi vilikuwa vimekatika, mahali pengine hata nusu yake, wala havikurudi. Kwa binadamu aliye hai haijapatikana njia ya kuvihesabu viungio hivyo. Ila mifupa ya masikio ya marehemu imeonyesha kwamba nyuzi hupungua kwa umri mapema kuliko seli. Basi yule kijana wa karasha, na wenzake wa vinu vya kukamulia alizeti na mashine za kusaga nafaka, ambazo hazikosekani katika mkoa huu tangu Iramba hata Manyoni, wasihukumiwe kwa karatasi ya milio peke yake.

Aidha yuko aliyeumwa masikio utotoni, akatokwa usaha msimu baada ya msimu. Huyu ubongo wake ulijifunza usemi kwa habari pungufu, na yamkini sikio lilipona pungufu ile ikabaki. Tena wako ambao neva yao hupeleka habari bila mpango, sauti zikafika zimechanganyikana wakati. Wataalamu wenyewe hawajapatana juu ya sababu zote. Wako wanaosema kwamba kwa wengi kosa limo katika njia ya sauti kuelekea ubongoni. Na wako wanaosema kwamba limo katika makini na kumbukumbu, ambazo ni mali ya akili nzima na si ya usikivu peke yake. Mzozo huo ni wa haki na uendelee. Lakini wapo watu wanaourukia kwa pupa, husema: kumbe ni makini, basi tulisema kweli, hawasikilizi. Huo ni udanganyifu wa maneno. Makini azungumzayo mwanachuoni ni uwezo wa ubongo wa kushika sauti moja na kuziacha nyingine, na uwezo huo watu hawakugawiwa sawasawa, kama wasivyogawiwa sawasawa pumzi za kupanda mlima. Kuugeuza upungufu wake kuwa ukaidi ni kumtukana mtu kwa jina la elimu.

Sasa, pana jambo ambalo vitabu vya Boston na London haviwezi kulieleza kwa ajili ya Singida, nalo ni lugha. Mkoa huu ni njia panda ya lugha za Afrika. Wanyaturu wana Kirimi chao. Wanyiramba na Wanyisanzu wana lugha zao za Kibantu. Wabarbaig husema lugha ya asili ya Kinailoti. Na katika Mkalama, kuelekea ziwa Eyasi, wako Wahadzabe ambao lugha yao yenye sauti za kualika haijathibitika kuwa na ndugu popote. Kwa wazee wengi wa mkoa huu Kiswahili ni lugha ya pili, waliyoipata shuleni, jeshini, mnadani au kanisani. Kirimi ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana, na irabu zake ni saba. Kiswahili hakina toni, na irabu zake ni tano. Sikio lililolelewa kutafuta maana katika kupanda na kushuka linapopewa Kiswahili, hulazimika kuacha ufunguo wake na kutumia mwingine.

Mtu atasema: hao wazee hukisema Kiswahili vizuri kabisa, basi shida iko wapi? Shida iko katika kelele. Mwaka 1997 Mayo, Florentine na Buus walichapisha uchunguzi juu ya watu wenye asili ya Meksiko waliojifunza Kiingereza. Waliokipata kabla ya umri wa miaka 6 walivumilia kelele nyingi kuliko waliokipata baada ya miaka 14, ijapokuwa wote walikuwa wasemaji hodari. Lugha ya ukubwani ni kama daraja la miti: katika kiangazi hupitika sawa na daraja la chuma, na tofauti huonekana mto ujaapo. Basi mtu mzima mwenye jeraha dogo la kusikia usemi, asiyelijua penye kimya wala katika lugha ya mama yake, hulijua siku anaposimama mbele ya karani asemaye Kiswahili cha haraka chini ya bati linalopigwa na mvua.

Na Kiswahili chenyewe, kwa utukufu wake wote, kina mtego. Tazama neno atalipa na neno hatalipa. Ahadi na kukana ahadi vimetenganishwa na h, pumzi tupu isiyo na mlio, moja katika konsonanti dhaifu kabisa. Injini ya pikipiki ikipita dakika hiyo, shahidi amesikia kinyume cha lililosemwa, na ataapa kwa haki kwamba amelisikia. Tazama tena umeze na usimeze, upake na usipake, utie saini na usitie saini. Katazo zima limewekwa katika silabi si, na silabi hiyo haina mkazo, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti s ni mvumo mwembamba ulio juu, hupotea upesi penye mvumo mwingine. Kinachobaki na nguvu ni shina la kitenzi, me na ze, ambalo ni moja kwa amri na kwa katazo. Kiswahili hukana mwanzoni mwa neno, mahali palipo dhaifu, kikatia nguvu mwishoni, mahali ambapo mara nyingi hapana tofauti. Si kosa la lugha, maana kila lugha ina mahali pake pembamba. Kosa ni la mtumiaji ajuaye mahali hapo asipaangalie.

Zaidi ya hayo, sauti kama dh na th, ambazo Kiswahili kilizipokea kutoka Kiarabu, bara mara nyingi hutamkwa z na s. Dhana ikawa zana, na thamani ikawa samani. Penye utulivu hapana hasara, kwa kuwa maneno ya kando humwongoza msikilizaji. Fundi seremala hauzi dhana. Lakini kelele huanza kwa kuyala hayo maneno ya kando, ikamwachia msikilizaji neno moja lenye maana mbili.

Ndipo aibu huingia kazini. Mtu mzima wa Singida, aliyelelewa kwa adabu, hamwulizi mkubwa mara mbili. Mganga amesema, karani amesema, hakimu amesema. Kuuliza tena ni kama kumtia mkubwa makosani, na kumwomba mara ya tatu ni utovu wa heshima. Basi huitikia, ndiyo bwana mganga, ndiyo mheshimiwa, akatabasamu, akaondoka na pakiti mkononi bila kujua kama ni kutwa mara mbili au kutwa mara tatu. Mganga naye ameridhika, maana ameitikiwa. Siku dawa isipofaa, au ikidhuru, itasemwa kwamba mgonjwa hakufuata maagizo: hasikii. Duara la dhuluma limekamilika, na kila aliyeshiriki amekuwa na adabu tangu mwanzo hata mwisho.

Wako watakaojibu kwamba nchi maskini haina nafasi ya kuangalia jambo dogo namna hii, hali wako viziwi kabisa wasiosaidiwa. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto viziwi, na ni kazi ya fahari. Lakini mtu azungumziwaye hapa hahitaji upasuaji. Anahitaji dirisha la dawa lisilotazamana na jenereta, uso wa msemaji ulioelekezwa kwake ili aone midomo, usemi wa taratibu, na agizo linalosemwa kwa njia mbili. Mganga asemaye: dawa hii ni ya kupaka, kumeza ni hatari, amekwisha kuokoa alichokiacha silabi si. Gharama yake ni pumzi.

Wala nchi hii haikuwa mjinga wa hekima hiyo. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Redio ni mtihani mkali kwa msikilizaji wa namna hii: haina midomo ya kutazamwa, haiulizwi, haisubiri. Hata hivyo watu wapatao 2,000,000 walijiunga na vikundi vya kusikiliza, kwa sababu waliopanga kazi ile hawakuiachia redio peke yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa. Kipindi kilipokwisha, kikundi kilisoma kijitabu, kikajadili, kikaamua la kutenda, kuchimba choo au kufyeka majani. Lililosemwa mara moja hewani lilisemwa tena kwa kinywa cha jirani, tena kwa maandishi, tena kwa jembe. Asiyelipata mara ya kwanza hakuaibika, kwa kuwa mara ya pili ilikuwa imewekwa kwa wote. Hapana aliyetaja wagonjwa wa usikivu, na huenda hapana aliyewawaza. Walakini walitendewa haki kuliko wanavyotendewa leo katika mikutano yenye vipaza sauti vipya.

Maana vipaza sauti hivyo ni balaa ya pekee. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ihusuyo mamlaka za wilaya, imeufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa kila mkazi mtu mzima. Huko hujadiliwa ardhi, michango na hesabu. Chombo hukazwa hata sauti hupasuka, na ukuta huirudisha. Msemaji hudhani kwamba amesaidia, kwa kuwa amepaza. Asiyefahamu usemi hapungukiwi na ukubwa wa sauti, hupungukiwa na uwazi wake, na kumwongezea kishindo ni kumwongezea maji aliyezama. Kisha mikono huinuliwa. Mkono wa mtu ambaye hakujua kama imesemwa ardhi itagawiwa au haitagawiwa huhesabiwa sawa na mikono mingine, na muhtasari huandika kwamba wananchi wameridhia. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nayo ni haki iliyochelewa mno. Ila haki iliyotolewa kwa lugha yaweza kunyimwa kwa mwangwi wa chumba.

Lawama ya mwisho ni ya walimu wa Kiswahili, wa vyuo vikuu hasa. Wamechambua ngeli hata zimechakaa. Wamegombana juu ya shairi kuwa na vina au kutokuwa navyo, kwa hamaki ya watu wanaogombania kisima. Mahali ambapo neno la Kiswahili hufia baina ya kinywa na ubongo wamewaachia madaktari, kana kwamba konsonanti ikiingia sikioni hukoma kuwa mali ya isimu. Daktari hawezi peke yake kutunga kipimo cha usemi. Hajui ni silabi ipi ya Kiswahili ipoteayo kwanza, wala hajui Mnyaturu husikiaje neno lisilo na toni, na kipimo cha maneno ya Kiingereza hakifai kutafsiriwa, maana Kiingereza hakikani mahali Kiswahili kikanapo. Kazi yenyewe si ya fedha nyingi. Yatakiwa maneno ya kila siku yaliyochaguliwa kwa jozi, yasomwe na sauti ya mwanamke na ya mwanamume, katika Kiswahili na katika Kirimi na Kinyiramba, kwanza penye kimya, kisha juu ya mvumo uliorekodiwa kando ya kinu cha alizeti kinachofanya kazi. Na waletwe watu wazima wa Ikungi, Mkalama na Manyoni wayarudie. Orodha yaweza kuanza na atalipa na hatalipa, ikafuatiwa na umeze na usimeze, kisha mbili na tatu.